ALT 78 yenye alama ya H: ini halijafa

Msomaji amenitumia picha ya majibu yake ya kipimo cha damu cha ini na swali la maneno mawili: "Ini limekufa?" Ana miaka 41. ALT 78, AST 52, ALP 90, bilirubini 11, albumini 42. ALT na AST zina herufi H pembeni, yaani zimepita kiwango. Ameshanunua chupa ya mitishamba ya kusafisha ini na ameanza kuinywa. Ndugu yangu, iache leo hii. Dawa za aina hiyo zenyewe zinaweza kulijeruhi ini, na ukirudia kipimo huku unainywa hakuna atakayejua namba zimetoka wapi.

ALT na AST ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli. Seli ya ini ikijeruhiwa, vinavuja na kuingia kwenye damu. Kwa hiyo hapo umepimwa uvujaji. Kama ini linafanya kazi, hilo ulitafute kwenye albumini (protini inayotengenezwa na ini), bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huiondoa) na INR (kipimo cha kuganda kwa damu), na mbili alizopima huyu ziko sawa. Mwenye homa ya ini A anaweza kufika ALT 1,500 akapona kabisa, na mwenye ini lililosinyaa akawa na ALT 30, kwa sababu seli za kuvuja zimebaki chache.

Usiitazame namba peke yake. Igawanye kwa kiwango cha juu cha maabara yako. Kama kiwango ni 40, 78 ni karibu mara mbili, ongezeko dogo. Zikifika maelfu hapo ni dharura: virusi vilivyoingia karibuni, parasetamoli iliyozidi, au ini lililokosa damu.

AST inapatikana pia kwenye misuli na chembe nyekundu za damu. Ukibeba magunia au ukianza mazoezi mazito, inaweza kubaki juu kwa wiki nzima, na ALT ikaifuata. Kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli, kitaonyesha kama ni misuli. Chembe za damu zikipasuka wakati wa kuchotwa, AST inapanda bure. AST ikiwa mara mbili ya ALT, huku GGT, kimeng'enya kingine cha ini, iko juu, nakuuliza kuhusu pombe, na tafadhali usinijibu "kidogo tu". ALP, kimeng'enya cha njia za nyongo na mifupa, hupanda kwa mjamzito wa miezi ya mwisho na kwa kijana anayerefuka. GGT ikiwa ya kawaida, chanzo cha ALP hiyo huenda ni kondo la nyuma au mfupa.

Kwetu huku kipimo cha kwanza ni HBsAg, cha homa ya ini B, pamoja na kingamwili za homa ya ini C. Hivi usivisubirishe. HBsAg ikiwa chanya, unahitaji kupimwa wingi wa virusi, hata kama ALT imeshuka yenyewe. Ukiwa kwenye dawa za TB, usiziache mwenyewe: daktari huzisimamisha ALT ikipita mara tatu ya kiwango na una kichefuchefu, manjano au maumivu ya tumbo, au ikipita mara tano hata bila dalili. Usisahau na mahindi yenye ukungu. Sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004.

Virusi visipopatikana, mwenye kitambi au kisukari mara nyingi ana mafuta kwenye ini. Hapo piga hesabu ya FIB-4, inayokadiria makovu kwenye ini: umri mara AST, gawanya kwa chembe sahani (za kugandisha damu) mara kipeuo cha pili cha ALT. Chembe sahani za msomaji wetu ni 230 (kwa maelfu), kwa hiyo 41 × 52 ÷ (230 × 8.83) = 1.05. Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Juu ya 2.67, nenda kwa bingwa wa ini. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 6 hadi 9, ini huanza kupoa.

Msomaji wetu arudie kipimo baada ya wiki nne hadi sita, bila pombe, bila mitishamba, na wiki ya mwisho bila mazoezi mazito. Macho yakiwa ya njano, akitapika damu au akianza kuchanganyikiwa, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na ile chupa asiitupe. Aende nayo: daktari atataka kusoma lebo.