Usiifute freetype, isasishe

Ndugu, umesema Homebrew (programu ya kusakinisha programu nyingine kwenye Mac) imegoma ulipoandika `brew uninstall freetype` ili ufute freetype, maktaba ya kuchora herufi, na sasa unataka kuilazimisha kwa `--ignore-dependencies`. Tafadhali usifanye hivyo. Imegoma kwa sababu kuna programu nyingine zinaitegemea maktaba hiyo. Andika `brew uses --installed freetype` uzione kwa majina. Ukiing'oa, zitakataa kufunguka na kulalamika kwamba `libfreetype.6.dylib` haionekani.

Kama shida ni toleo la zamani, `brew update` halafu `brew upgrade freetype` inatosha. Kama unahisi faili zimeharibika, tumia `brew reinstall freetype`.

Usiizuie kwa `brew pin` ibaki kwenye toleo la zamani. Matoleo ya 2.13.0 kurudi nyuma yana tundu la usalama, CVE-2025-27363: fonti iliyotengenezwa kwa hila inaweza kumpa mtu nafasi ya kuendesha msimbo (code) wake kwenye mashine yako. Hilo ni jambo zito, hasa kama unafungua fonti za kupakua ovyo.

Kuhakiki toleo, tumia `brew list --versions freetype`. Ukitumia `pkg-config --modversion freetype2` utapata namba kama 26.1.20. Usishtuke, hiyo ni namba ya libtool (zana ya kujengea maktaba), na kwa mfano huo toleo lenyewe ni 2.13.2.

Halafu kama kinachokukera ni herufi za Safari au Finder, freetype haihusiki kabisa. macOS huchora hizo kwa Core Text, mfumo wake wenyewe wa herufi.