Maswali ya Wasomaji: Majukwaa ya Gemu na Yale Yanayoyaiga

Barua tatu za toleo hili zimetoka Mikindani, Lindi mjini na Masasi, na ingawa waandishi wake hawajuani, zote zinahusu majukwaa ya mtandaoni ambako wapenzi wa gemu hukutana, pamoja na yale yanayoanzishwa baadaye kwa kuyaiga. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwandishi wake yuko karibu kutoa fedha zake mfukoni.

SWALI: Mhariri, salaam. Nina kibanda cha gemu chenye plestesheni tatu, na kupitia kibanda hicho tumeunda kundi la WhatsApp la wachezaji karibu 200 wa Mtwara mjini, Newala na Tandahimba. Shida yetu ni kwamba swali likijibiwa leo, kesho jibu limekwisha kuzama, na mwingine anauliza lilelile. Fundi mmoja wa kompyuta ameniambia atanitengenezea jukwaa linalofanana kabisa na GameFAQs ya Marekani, tovuti ya miongozo ya namna ya kucheza gemu, kuanzia mpangilio hadi rangi, kisha tuchukue miongozo yao, tuitafsiri kwa Kiswahili na kuipandisha. Anataka nimlipe msimu huu huu wa korosho. Je, huo ni wizi? Na watu watakuja? *Mchezaji, Mikindani.*

JIBU: Mdogo wangu, fundi wako amefunga katika furushi moja vitu ambavyo sheria na desturi za wachezaji wenyewe huvitenganisha. Mpangilio wa jukwaa, yaani orodha ya mada, nyuzi zilizo chini ya kila mada na majibu yanayofuatana kwa saa, hauna mwenyewe. GameFAQs haikuubuni, kwa maana watu walikuwa wakijibizana kwa nyuzi kwenye Usenet, mtandao wa zamani wa majadiliano, tangu miaka ya 1980. Programu za kuendeshea majukwaa ya aina hiyo zipo, na baadhi hutolewa bure kwa idhini ya watunzi wake, mojawapo ikiwa phpBB ambayo imekuwapo tangu mwaka 2000. Kwa hiyo usimlipe mtu fedha za msimu mzima akuundie kitu ambacho kimekwisha kuundwa. Jina, nembo na michoro ya wenzetu ni jambo jingine: hivyo ni vyao, na mtu atakayefungua ukurasa wako akadhani amefika kwao, wewe ndiye utakayekuwa umemdanganya.

Penye kesi hasa ni kwenye miongozo. GameFAQs ilianzishwa mwezi Novemba 1995 na Jeff Veasey ili kukusanya mahali pamoja miongozo iliyokuwa imetapakaa huku na huko mtandaoni, na waliokuwa wakiiandika walikuwa wachezaji wa kawaida ambao hawakulipwa mshahara. Tovuti imebadilisha wamiliki zaidi ya mara moja, ikinunuliwa na kampuni ya CNET mwaka 2003 na kufika mikononi mwa kampuni ya Fandom mwaka 2022, lakini desturi iliyoijenga ni kwamba haki ya mwongozo hubaki kwa aliyeuandika. Fungua mmoja wa zamani ujionee. Ni maandishi matupu, hayana picha hata moja. Juu kabisa lipo jina la gemu, namba ya toleo la mwongozo na tarehe ya kila marekebisho, na mara nyingi hufuata aya ya mwandishi akitaja tovuti alizoziruhusu kuuweka na kukataza nyingine zote. Ramani za mapango na ngome amezichora kwa alama za kibodi, mstari na nyota na mabano, herufi moja baada ya nyingine, kazi ya majuma mengi kwa mtu ambaye malipo yake yalikuwa shukrani tu.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu nilikuwa mteja wa kazi hizo. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika nchini mwaka 2009, nililipia nusu saa kwenye mkahawa wa intaneti mjini Mtwara, nikachapisha kurasa kumi na mbili za mwongozo mmoja, nikazikunja na kuzihifadhi ndani ya daftari la Hisabati. Jina la mwandishi lilikuwa juu ya ukurasa wa kwanza, nami nililisoma kila nilipolifungua daftari. Mtu akiuchukua mwongozo ule na kulifuta jina lile, amemwibia mtu huyo kitu pekee alichokidai.

Kuutafsiri hakubadilishi hali hiyo. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, tangu mwaka 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaihesabu tafsiri kuwa miongoni mwa haki za mwenye kazi, maana yake ni kwamba unapaswa kumwomba ruhusa. Mwombe basi. Waandishi wengi waliacha anwani zao za barua pepe ndani ya mwongozo wenyewe, na wapo wanaofurahi kusikia kwamba kazi yao itasomwa Tandahimba. Lakini lile jambo la ndani ya gemu, kwamba mlango fulani hufunguliwa kwa ufunguo fulani au kwamba pasi fulani hupigwa kwa vitufe viwili pamoja, halimilikiwi na mwandishi wa mwongozo. Ukilicheza mwenyewe na kulieleza kwa maneno yako, hilo ni andiko lako.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo naona ndilo zito zaidi. GameFAQs ilianzisha majukwaa ya mazungumzo mwaka 1999, nayo yana utaratibu wa alama zinazoitwa karma, ambapo mwanachama hupata alama moja kwa siku anayoingia, hata akiandika mara mia. Watu walioudhiwa na ukali wa wasimamizi wa pale walianzisha majukwaa yao ya kando, na baadhi wakauiga utaratibu wenyewe pamoja na mwonekano wake. Fundi hodari huweza kuuandika utaratibu huo kwa usiku mmoja. Asichoweza kukiandika ni mwanachama mwenye karma elfu moja, kwa sababu huyo ni mtu aliyerudi mahali pale siku elfu moja, anayekumbuka nani alimjibu nani na ubishi upi ulikwisha kumalizwa. Ndiyo maana mengi ya majukwaa ya kuiga hufanana na nyumba iliyopakwa rangi, ikafungwa milango na madirisha, lakini jioni hakuna jiko linalofuka moshi.

Wewe ni mtu wa Mtwara, umekwisha kukiona kinyago cha mti mweupe kilichopakwa rangi ya viatu kikiuzwa kuwa cha mpingo. Kwa macho huwezi kukitambua kwa haraka. Ukikiinua mkononi unajua papo hapo, kwa kuwa mpingo una uzito wake, na ukitiwa majini huzama. Uzito wa jukwaa ni watu.

Lipo jukwaa jipya lililofaulu haraka mno, na sababu yake inakuhusu moja kwa moja. Mwezi Oktoba 2017, mmiliki wa NeoGAF, jukwaa maarufu la wapenzi wa gemu, alituhumiwa kumdhalilisha mtu kijinsia. Wasimamizi wengi walijiuzulu na jukwaa likawa halifunguki kwa muda. Siku chache tu baadaye, tarehe 24 ya mwezi uleule, wanachama waliohama walifungua ResetEra, ambayo kwa sura na kwa mada haikuwa mbali na kule walikotoka. Ilijaa kwa sababu watu walihama kwa pamoja, wakabeba mazungumzo yao na kuaminiana kwao. Miaka minne baadaye ilinunuliwa kwa dola milioni 4.55, na kilichogharimu fedha hizo hakikuwa rangi ya ukurasa.

Hapa kwetu tunao mfano wa JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums. Mpangilio wake wa majukwaa na nyuzi ni uleule uliokuwa umeenea dunia nzima, lakini sijapata kumsikia Mtanzania akiuita wa kuiga, kwa sababu mtu akiingia anaitwa “mkuu”, anaulizwa maswali ya nchi yake, na ubishi unakwenda kwa lugha anayobishania kijiweni.

Kwa hiyo hao watu 200 wa kibandani kwako ni mali ambayo fundi hawezi kukutengenezea. Kabla hujatoa hata shilingi, chagua kumi miongoni mwao, kila mmoja aandike ukurasa mmoja wa jambo analolijua kuliko wengine: mmoja aeleze simu za bei ya chini zinazoistahimili gemu ya mpira bila kukwama, mwingine saa ambazo mtandao wa Newala hautulii na namna ya kucheza ukiwa hivyo, mwingine namna ya kuzuia vumbi kuharibu vijiti vya padi. Maswali hayo hayamo katika mwongozo wa Marekani. Wakishindwa kuandika kurasa kumi, jukwaa nalo litakaa tupu, na utakuwa umeligundua hilo bila gharama. Wakiweza, weka maandishi matupu kama walivyofanya wale wa mwanzo, kwa sababu mwongozo mrefu wa maandishi hula bando dogo kuliko dakika moja ya video, na majina ya waandishi yakae juu.

SWALI: Mwanangu wa miaka 15 alijiunga na jukwaa lililofanana na lile alilolizoea, likiahidi sarafu za bure za gemu ya mpira. Alitumia nywila ileile ya barua pepe yake. Siku tatu baadaye hawezi tena kuingia kwenye barua pepe wala kwenye gemu. Nifanye nini? *Mzazi, Lindi mjini.*

JIBU: Pole sana, Mama. Huko hakukuwa kuiga kwa mapenzi, ulikuwa mtego. Jukwaa linaloendeshwa vizuri halihifadhi nywila yenyewe, huhifadhi tarakimu na herufi zilizokokotolewa kutokana nayo, ambazo haziwezi kurudishwa nyuma kirahisi. Mtegaji huihifadhi nywila kama ilivyoandikwa, kisha huijaribu kwenye barua pepe, na akiipata barua pepe amepata ufunguo wa kila akaunti inayorejeshwa kupitia hapo.

Tumieni simu au kompyuta ambayo kijana aliitumia kuingilia siku zote, mfungue ukurasa wa kurejesha akaunti wa kampuni ya barua pepe na kufuata hatua zake, kwa kuwa kifaa kinachofahamika husaidia kuthibitisha mwenyewe. Mkifaulu, badilisheni nywila, washeni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuombwa uthibitisho wa pili baada ya nywila, na mwangalie kwenye mipangilio kama mtegaji ameacha maagizo ya kuelekeza barua kwenye anwani yake, jambo ambalo wengi hulisahau. Baada ya hapo ndipo mwende kwenye gemu. Kama namba ya siri ya fedha za simu inafanana na nywila hiyo, ibadilisheni leo kabla ya yote. Tukio hili mnaweza kuliripoti polisi, kwani kuingilia akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Nakuomba usimpige wala usimwaibishe mbele ya wenzake. Mtoto aliyeaibishwa huficha tukio linalofuata, na katika mambo haya saa moja ya kuficha ni hasara kubwa. Kaa naye, mfungue anwani mbili, ya kweli na ya mtego, mzisome herufi kwa herufi hadi aione ile iliyobadilishwa. Na ajue kwamba sarafu za gemu hutolewa na kampuni ya gemu ndani ya gemu yenyewe. Jukwaa la mashabiki halina ghala lake.

SWALI: Wanafunzi wangu wa klabu ya kompyuta hutumia kamusi elezo ya mtandaoni ya gemu ya Minecraft, lakini wamekuta mbili zenye maandishi yanayofanana karibu neno kwa neno. Ipi ni ya asili na ipi imeigwa? *Mwalimu, Masasi.*

JIBU: Mwalimu, hapa jibu linageuka kinyume cha mazoea, kwa sababu ile yenye anwani mpya ndiyo iliyo na wenyeji wa zamani. Wikia, kampuni inayohifadhi kamusi elezo za aina hiyo, ilianzishwa mwaka 2004 na Jimmy Wales pamoja na Angela Beesley, ikaja kuitwa Fandom mwaka 2016, na kamusi ya Minecraft ilikuwa imewekwa chini ya paa lake. Mwezi Septemba 2023 wahariri waliamua kuhamia kwenye anwani inayojitegemea, kama wenzao wa kamusi ya gemu ya RuneScape walivyokuwa wamefanya mwaka 2018. Wingi wa matangazo kwenye kurasa ulikuwa mojawapo ya manung'uniko yao.

Waliweza kuondoka na maandishi yote kwa kuwa yalikuwa chini ya leseni ya Creative Commons, inayoruhusu kunakili kwa masharti, likiwamo la kuwataja walioandika. Leseni hiyohiyo ndiyo inayoipa Fandom haki ya kubaki na nakala yake na kuendelea kuionyesha. Kwa hiyo hakuna mwizi kati ya hao wawili, na hapo ndipo tofauti yao na fundi wa Mikindani ilipo. Hata hivyo nakala ya zamani ina faida ya umri: viungo vingi vya mtandaoni bado vinaelekeza kwake, na anayetafuta kwa haraka huweza kuishia hapo bila kujua kwamba wengi wa wahariri wamekwisha kuhama.

Wanafunzi wako wanaweza kulipima jambo hili wenyewe katika kipindi kimoja. Toleo jipya la gemu linapotoka, wafungue ukurasa wa kitu kimoja katika kamusi zote mbili, kisha waende kwenye historia ya ukurasa, ambako kila badiliko limeandikwa tarehe, saa na jina la mhariri. Wahesabu mabadiliko ya juma hilo na wasome wahariri walikuwa wakirekebishana kuhusu nini, kisha wakuletee daftari wakiwa wameandika ipi wataitumia na kwa sababu gani.