Hawasomi odometa ya gari lako
Ndugu umeuliza jimbo la Marekani linajuaje magari yametembea maili ngapi kwa mwaka, eti wanasoma odometa (kile kipimo cha umbali kwenye dashibodi)? Hapana, gari lako hawaligusi. Ushaona ule mpira mweusi mwembamba umelazwa kukatiza lami, na pembeni kuna kiboksi kimefungwa mnyororo kwenye nguzo? Tairi ikikanyaga hewa inasukumwa, kiboksi kinahesabu ekseli (chuma kinachobeba tairi za kushoto na kulia), mara nyingi masaa 48 tu, halafu wanarekebisha kwa siku na mwezi kwa kutumia mashine za kudumu zinazohesabu mwaka mzima. Wastani wa magari kwa siku, mara urefu wa kipande cha barabara, mara 365, basi. Magari 5,000 kwa siku kwenye maili 2 ni maili 3,650,000 kwa mwaka.

Urefu wa barabara ni hesabu nyingine, huo gavana au mtu aliyeteuliwa naye anauthibitisha kila mwaka mwisho Juni 1, na hela za usalama barabarani za serikali kuu zinagawiwa majimbo asilimia 75 kwa idadi ya watu, 25 kwa maili za barabara za umma, hata zile za changarawe. Ndo maana kaunti isiporipoti barabara zake zote jimbo linapunjwa, na zinazosahaulika kirahisi ni za vijijini, inaniuma sana hii.