Usiongeze silikoni kabla hujajua maji yanaingilia wapi

Mkuu, pole sana. Umesema maji yanatokea kona ya chini ya dirisha kila mvua inapokuja na upepo, silikoni umeshapaka mara mbili, na sasa fundi anataka ung'oe dirisha zima. Subiri kwanza. Nimeteseka na tatizo hilohilo misimu mitatu ya mvua kwenye chumba cha watoto, na dirisha ni lile lile hadi leo, ila ukuta sasa ni mkavu.

Nilichokosea mimi ni kudhani kwamba maji yanaingilia pale yanapotokea. Nikaona kona imelowa, nikapaka kona. Nilipaka ndani, nikapaka nje, nikaziba kila tundu nililoliona, na hali ikawa mbaya zaidi. Dirisha langu ni la alumini, lenye vioo vya kusukuma, na reli yake ya chini ina vitundu vidogo upande wa nje. Vile vitundu vimewekwa makusudi. Maji ya mvua huingia kwenye reli kwa kawaida, kisha hutokea hapo kurudi nje. Mimi niliviziba, kwa hiyo reli ikawa inajaa na maji yanamwagika chumbani. Kama lako ni la aina hiyo, anza hapo: zibua vitundu, toa mchanga kwa brashi, mimina kikombe cha maji kwenye reli uone kama yanatoka nje.

Baada ya kuzibua, mafuriko ya kwenye reli yaliisha, lakini kona ya kushoto iliendelea kulowa. Ndipo nikafanya jaribio ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo. Subiri ukuta ukauke kabisa, mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine awe nje na mpira wa maji. Maji yamwagike taratibu kama mvua, usiyapige kwa nguvu. Anza chini: ukingo wa chini wa dirisha peke yake, kama dakika 15. Kisha ubavu mmoja, kisha wa pili, halafu juu, na mwisho ukuta ulio juu ya linta, ile boriti ya zege inayopita juu ya dirisha. Ukianzia juu, maji yatateremka na kulowesha kila kitu, na hutajua lililovuja ni lipi.

Kwangu, chini palikuwa pakavu na mbavuni pakavu. Tulipofika juu ya linta, palipokuwa na ufa mwembamba unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, ilichukua kama dakika 20 kisha kona ya chini ikaanza kulowa. Maji yalikuwa yanaingilia kwenye ufa, yanashuka kwenye uwazi kati ya fremu na ukuta, yanatokezea chini. Silikoni yangu yote ilikuwa mita moja na zaidi chini ya tatizo.

Ufa kama huo usiupake rangi juu yake tu. Tuliupanua kwa tindo, tukatoa vumbi, tukalowesha, tukajaza saruji na mchanga, moja kwa tatu, kisha tukawa tunamwagilia siku kadhaa ili isikauke haraka na kupasuka upya. Ukiona michirizi ya kutu kwenye ufa wako, hiyo ni habari nyingine: nondo za linta zinaoza, na chuma kinapopata kutu huvimba na kupasua zege. Hapo mwite mtu anayejua zege, usizibe.

Sasa silikoni yenyewe, maana pembeni mwa fremu utaihitaji. Kwangu mara mbili za kwanza ilibanduka kwa sababu niliipaka juu ya ile ya zamani, na silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu. Kwangua yote. Rangi inayobanduka nayo ikwangue, la sivyo itabanduka pamoja na silikoni. Ile yenye harufu kali ya siki usiitumie kwenye saruji wala chuma, ina asidi. Tafuta isiyo na asidi. Uwazi ukiwa mpana, sukumia kwanza kamba ya sponji ndani. Silikoni inatakiwa ishike pande mbili tu, fremu na ukuta, ili iweze kuvutika fremu inapotanuka kwa jua. Ikishika na mgongoni inachanika. Kina kiwe kama nusu ya upana: uwazi wa milimita 12, silikoni milimita 6. Iache walau saa 24 bila kuguswa na maji. Na kama unataka kuipaka rangi, chagua kizibo kinachokubali rangi, kwa sababu kwenye silikoni ya kawaida rangi haikai.

Ukingo wa chini wa nje upime kwa pima maji. Lazima uteremke kuelekea nje, utokeze mbele ya ukuta, na chini yake uwe na mfereji mdogo unaokatisha tone lisirudi ukutani. Wangu ulikuwa na mteremko ila hauna mfereji. Tuliukata kwa grenda, na madoa ya chini ya dirisha hayajarudi.

Fanya jaribio la mpira kabla fundi hajagusa fremu, kisha tuambie maji yametokea ulipofika wapi.