Akaunti ya admin isajili kwanza, jina kwenye faili liandike baadaye

Mkuu, usiwashe hiyo seva leo. Unasema unaweka ejabberd, seva ya kuchati, ya ofisi yenu Ubungo, `admin` ushamwandika kwenye faili la mipangilio `ejabberd.yml`, usajili umeufungua ili wafanyakazi wajisajili wenyewe kwa simu, na akaunti ya admin "nitaitengeneza Jumatatu". Halafu unauliza cheti na programu ya simu! Hiyo Jumatatu ndiyo itakayokumaliza.

Yalinikuta hayo hayo, duka la vipuri Kariakoo lenye ghala Mbagala. Faili lile halitengenezi akaunti. Linasema tu kwamba atakayeingia kwa jina fulani ndiye mkubwa wa seva. Jina likiwa halina mwenyewe na usajili uko wazi, anayewahi kulisajili kalichukua pamoja na madaraka yake: kubadili nywila za watu, kufuta akaunti, kutangazia wote.

Mimi niliwahiwa Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi nikaandika amri ya kusajili akaunti kwenye seva, `ejabberdctl register admin`, seva ikajibu mtumiaji huyo tayari yupo. Nikadhani ameundwa wakati wa kusakinisha. Nikafunga kompyuta, nikapanda pantoni kwenda msibani Kigamboni. Pale ndipo nilipoharibu kila kitu, maana jibu lile lilikuwa limeshaniambia mwizi yumo ndani.

Jumapili saa mbili usiku tangazo likaingia kwenye simu zote: malipo ya mzigo kuanzia sasa yatumwe kwenye namba hii. Meseji za "ile hela tuma namba hii" sote tunazijua na tunazifuta. Lakini hii ilitoka kwa admin. Anachohitaji ni kutuma kwenda anwani ya matangazo, `announce/all`, seva yenyewe inamsambazia. Mama wa kaunta akatuma 640,000. Jumatatu kaniletea simu, kidole kinatetemeka juu ya neno "admin": "Mwanangu, si wewe huyu?" Sikuwa na la kumjibu.

Na yule fundi aliyenielekeza! Ndiye aliyeniambia nifute mstari wa `ip_access: trusted_network` chini ya `mod_register`, sehemu ya usajili kwenye faili lile, eti unasumbua watu kujisajili. Mstari ule ndio mlinzi wa mlango: kwa mipangilio ya mwanzo, unakubali usajili unaotoka kwenye mashine ya seva yenyewe tu. Hela yangu kala, nilipompigia akasema nywila yangu ilikuwa dhaifu. Nywila gani, wakati akaunti sikuwahi kuiunda? Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka.

Rudisha mstari huo sasa hivi. Kisha sajili akaunti kwa `ejabberdctl register`, jina lisiwe "admin" wala "root", na ukiona imekubali ndipo uliandike jina hilo kwenye `acl`, sehemu ya faili inayotaja nani ni admin. Ukiambiwa tayari yupo, usiinuke kitini: `change_password` ubadili nywila, halafu `kick_user` umtoe aliyemo. Ukurasa wa admin wa bandari (port) 5280 nao ufungie kwenye 127.0.0.1, yaani mashine ya seva yenyewe tu, uingie kwa SSH, njia salama ya kuifikia seva ukiwa mbali.

Wafanyakazi wasajili wewe mwenyewe. Wangu 22 niliwamaliza kabla chai haijapoa.

Ila kwa kuwa usajili ushaufungua, endesha kwanza `ejabberdctl registered_users` na jina la seva yenu, uniambie majina uliyoyakuta.