Maswali na Majibu: Kamba Wabichi, Sufuria Yenye Kutu

SWALI: Habari za kazi. Tunachemsha kamba wanaokuja wameganda kutoka Tanga na kuwauzia hoteli za hapa Arusha. Sufuria yetu ya umeme ina lita 60 za maji na hita ya kilowati 18. Tunatumbukiza kilo 20 na kuhesabu dakika tano, kama alivyotuelekeza muuzaji wa mtambo. Wengine wanatoka wabichi mgongoni, wengine nyama imelegea kama uji, hasa wenye vichwa. Themomita haivuki nyuzi 95, ni mbovu? Tena chini ya sufuria kumeota vidoa vya kutu, na tuliambiwa ni stenlesi.
Msomaji, Njiro

JIBU: Themomita yenu ni nzima. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila mita 300 mnazopanda, mchemko hushuka karibu nyuzi moja. Mkitaka uhakika, itumbukizeni kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo. Ikisoma 0, iaminini. Tafadhali msifunge mfuniko kwa waya ili kutafuta presha. Sufuria isiyo na valvu ya usalama inaweza kumuua mpishi.

Nyuzi 95 zinatosha kabisa, maana kamba huiva katikati akifika 75. Kosa liko kwenye zile kilo 20. Zikiingia zimeganda kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, barafu iliyo ndani yao hunyonya joto lote: maji hushuka hadi karibu 57, na hita yenu inahitaji kama dakika 11 kuyarudisha kwenye mchemko. Dakika tano zenu zimekwisha zamani. Hapo ndipo vichwa vinapoharibu kazi, kwa sababu vimeng'enya vilivyomo (kemikali za mwili zinazosaga chakula) huendelea kula nyama wakati joto linapanda polepole. Ndiyo ile nyama inayolegea.

Yeyusheni kamba usiku kucha ndani ya friji, nyuzi 4 au chini yake. Pakieni kilo 10 tu kwenye kikapu. Sasa maji yatashuka hadi 84 hivi na kuchemka tena baada ya dakika tatu. Msiende kwa saa: chagueni kamba mkubwa kuliko wote, mchomeni sindano ya themomita kwenye pingili ya pili nyuma ya kichwa, na mkiona 75 inueni kikapu. Hapo hapo waingie kwenye maji ya barafu, kilo ya barafu kwa kilo ya kamba, la sivyo wataendelea kuiva na kupoteza uzito mnaouza.

Kuhusu kutu, stenlesi nayo huliwa na chumvi. Punje zikimwagwa kavu hutua chini na kuchimba vishimo vidogo kama ncha ya pini. Koroga chumvi pembeni kwanza, na maji ya chumvi yasilale humo usiku. Suuzeni, kausheni kwa kitambaa, na acheni klorini na sufi ya chuma. Vidoa vilivyopo vikiwa juu juu tu, vitatoka kwa asidi ya sitriki, lakini vishimo havizibiki. Mkinunua nyingine, dai daraja la 316, stenlesi inayostahimili chumvi zaidi, liandikwe kwenye risiti, kwa kuwa sumaku haiwezi kulitofautisha na 304, ile ya kawaida.