Rangi ya krimu au ya maziwa kwa sebule ya jua la jioni

Dada, nimekuelewa: sebule yako ya Ilazo, hapa Dodoma, ina dirisha la magharibi, na umekwama kati ya rangi ya krimu na nyeupe ya maziwa, ambazo kwenye kadi ya dukani zinafanana kama mapacha. Usiiamini kadi. Nunua kopo dogo la kila moja, paka vipande viwili vikubwa vya boksi, kila kimoja rangi yake, tabaka mbili, uache vikauke kabisa, maana rangi mbichi hudanganya. Viegemeze ukutani asubuhi, saa kumi na moja jioni, na usiku taa ikiwaka.

Kwangu Nzuguni krimu ilitulia asubuhi, lakini jua la jioni lilipoipiga ikawa njano kama siagi. Nikapaka maziwa, na ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Ila vumbi letu jekundu halina huruma: kufika Agosti, pembeni mwa swichi na nyuma ya kochi palishakuwa pekundu. Chukua aina ya rangi unayoweza kuifuta uchafu kwa kitambaa chenye maji.

Ukiona unga mweupe wa chumvi chini ya ukuta, usipake kwanza. Muite fundi ujenzi atafute unyevu unakotoka, la sivyo rangi yoyote itabanduka.